Sola Ziba: inalipa?

*Nina duka Ziba, wilayani Igunga. Fundi ananishawishi nifunge sola. Pesa yangu itarudi? – Mama Duka*

Mtaalamu anamwelewa: hela ya mtaji haichezewi. Kwanza atazame nguzo za umeme. Zikiwa jirani, kuunganishiwa umeme kijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ni shilingi 27,000, na sola haishindani na bei hiyo. Zikiwa mbali, hesabu inageuka.

Taa nne za wati 5 kwa saa tano, na televisheni ya wati 30 kwa saa nne, hula wati-saa 220 kwa siku. Paneli ya wati 100 inatosha, hata ikishika vumbi la kiangazi. Friji? Hapo asubiri.

Kinachotia hasara ni betri. Ya asidi ikikamuliwa kila usiku mpaka taa zififie, hufa mapema. Chaji yake isishuke chini ya nusu. Ikivimba, asiiguse, amwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.