Ukingo wa kitanda

Baba mmoja wa Bukavu ni fundi wa mbao. Mtoto wake wa mwisho alipokuwa na miezi 10, alilala katika kitanda kikubwa pamoja na mama yake. Mara mbili alianguka chini usiku. Basi baba akachukua mbao mbili, akazipigilia misumari ubavuni mwa kitanda ziwe ukingo. Mama alishukuru sana.

Usiku wa tatu dada mkubwa alisikia sauti ndogo, kama ya mtoto wa paka. Akawasha taa. Kumbe! Mtoto hakuwa tena juu ya godoro. Ameteleza kati ya godoro na ukingo. Mwili umeshuka, kichwa kimebaki juu, shingo imebanwa. «Baba! Baba, amka!» Baba akavuta godoro kwa nguvu, mama akamwinua mtoto. Akalia, na wote wakafurahi kusikia kilio kile.

Sababu ni nini? Godoro ni laini. Mtoto akijiviringisha hata pembeni, uzito wake hulikandamiza na kulisogeza, na nafasi ya vidole viwili huwa nafasi ya mwili mzima. Mtoto mdogo hana nguvu ya kujitoa. Shingo ikibanwa, pumzi hukatika, wala hawezi kuita. Watu wengine huziba nafasi ile kwa nguo au mto. Hiyo ni hatari vilevile, maana nguo hufunika pua.

Kwa hiyo ukingo wa kitanda cha wakubwa haumfai mtoto asiyetimiza miaka 2. Aliyeitimiza, tena anayepanda na kushuka mwenyewe, unaweza kumsaidia, lakini ushikamane sana na godoro, usilegee.

Asubuhi baba aling'oa mbao zake. Akatengeneza kitanda kidogo chenye vijiti vya kusimama. Vya kulala mtoto angevipanda kama ngazi. Godoro ni gumu, linajaza kitanda chote. Mtoto hulazwa chali, bila mto, na chandarua huchomekwa chini ya godoro. (Asiye na mbao aweke godoro chini sakafuni, mtoto akianguka hapo, haumii sana.)

Kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimeta 6, kichwa wala mwili usipite. Dada alileta rula yake ya shule, akapima nafasi zote, moja moja. Moja ilikuwa 7. Baba akaongeza kijiti.