Pikipiki ya koperative ikikataa kuwaka, tuanzie wapi?



Katika koperative za mpunga tunazotembelea huku Maniema, pikipiki imekuwa chombo cha shamba sawa na jembe. Ndiyo inaleta mbegu, ndiyo inashusha magunia mpaka Kindu. Ikilala siku tatu kijijini, mpunga nao unalala, na mnunuzi hangoji. Na mara nyingi tunakuta imelazwa na jambo dogo, la kumaliza nyumbani kwa kle ya buji, kitambaa na chupa tupu. Usiipige kiki mpaka mguu uchoke. Tafuta kwanza.

Tuanze na esansi, maana ndiyo inatusumbua zaidi. Wengi tunanunua ya chupa kando ya barabara, na imepita bidoni nyingi kabla ya kufika pale. Bidoni ikioshwa na kujazwa bila kukauka, maji yanabaki ndani. Maji ni mazito kuliko esansi: yanashuka chini ya tangi, halafu kwenye kaburateri. Pikipiki inawaka, inakohoa, inazima. Basi kabla ya kumimina, simamisha chupa dakika kumi mahali penye mwanga. Kama kuna maji, utaona mstari, esansi juu, maji chini. Mimina ile ya juu tu. Kupitishia kitambaa ni vizuri, lakini kitambaa kinazuia mchanga, maji hapana.

Yakiwa yameshaingia, ngoja moteri ipoe, funga robine ya tangi, legeza skuru ndogo iliyo chini ya kaburateri, kinga kopo. Fungua robine kidogo mpaka itoke esansi safi, kisha kaza skuru. Jiko liwe mbali, sigara vilevile. Na ile bidoni ya mafuta ya mawese isigeuzwe kuwa ya esansi, hata kama mama wa nyumba amekubali!

Bado haiwaki? Toa buji uisome. Ncha ikiwa na rangi ya kahawia, moteri inakula vizuri. Nyeusi na kavu kama masizi: esansi ni nyingi au hewa ni kidogo, kaangalie filtri. Nyeupe: moteri inachemka mno. Nyeusi na yenye mafuta mafuta: moteri inakula mafuta yake yenyewe, na hapo kazi ya nyumbani imekwisha, mwite fundi. Ikiwa imelowa esansi tu, ikaushe, uisugue kwa brashi, uirudishe kwa mkono kwanza ndipo ukaze kwa kle. Ukianza na kle utaharibu nyuzi za kichwa cha moteri, na hiyo ni bei nyingine.

Filtri tunaisahau, hasa miezi ya sita mpaka ya nane, vumbi linapokuwa jingi, kwa wanaovuka Alunguli kwenda Kalima ndiyo usiseme. Ya sponji unaiosha kwa sabuni, unaikausha kivulini, unaipaka mafuta kidogo ya moteri. Ya karatasi haioshwi, unaipigapiga tu vumbi litoke.

Sasa vidanji. Moteri hizi za 100 na 125 zinabeba kama litre moja tu ya mafuta, na litre hiyo moja inalainisha, inapoza, inabeba uchafu wote. Pima pikipiki ikiwa imesimama wima, dakika chache baada ya kuzimwa. Mafuta yakifanana na kahawa yenye maziwa, maji yameingia, labda ulipovuka kijito. Usiwashe tena, badilisha. Kilometa za kufanya vidanji zimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Tunajua konteri nyingi zimekufa zamani: basi hesabu safari za Kindu, uziandike kwenye daftari. Na sisi tunaona bei ya vidanji itolewe na mtunza hazina katika kila safari, mbele ya kugawana. Litre ya mafuta ni bei ndogo sana ukiilinganisha na pistoni.

Mnyororo hauchukui muda. Usukume kwa kidole katikati, upande wa chini: ucheze kama upana wa vidole viwili, kadiri ya milimita 25 mpaka 30. Ukikaza zaidi, magunia mawili yakipanda nyuma unavutika mno na kukatika njiani. Usafishe matope, uupake mafuta jioni, ili asubuhi yawe yamekwisha kuingia ndani ya viungo.