Usitoke Hospitali Bila Ripoti ya Mishipa Yako

Daktari akikuandikia kipimo cha mishipa ya fahamu, kwa mtu wa Kerege hiyo ni safari: kituo cha afya, Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, pengine Tumbi kule Kibaha, halafu Dar es Salaam. Nauli inakwenda, siku za kazi zinapotea. Ndiyo maana nasisitiza usirudi mikono mitupu.

Kipimo huangalia kasi na nguvu ya umeme unaopita kwenye mshipa. Mtaalamu anakubandika nyaya juu ya ngozi, kisha anakupiga shoti ndogondogo. Zinashtua lakini zinavumilika. Baadhi ya wagonjwa huchomwa pia sindano nyembamba kwenye msuli. Una haki ya kuelezwa hayo kabla, kwa lugha unayoielewa, pamoja na gharama. Una haki ya kukataa, hata kusema "inatosha" katikati. Nawe umwambie mtaalamu kama umewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na siku hiyo usijipake mafuta.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mhusika haki ya kuzipata. Kwa hiyo omba nakala ya ripoti.

Karatasi hiyo ina uzito zaidi kwa aliyeumia kazini, mathalani fundi ujenzi aliyeanguka na sasa mkono una ganzi. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya siku 7, na madai yafunguliwe ndani ya miezi 12. Mchango wa Mfuko huo ni wa mwajiri peke yake. Kukukata mshahara kwa ajili yake ni kosa.

Ila ripoti huonyesha mshipa ulivyo, haisemi nini kimeudhuru. Mweleze daktari kazi yako na siku uliyoumia, na uhakikishe ameandika. Majibu yakitoka mazuri huku maumivu yapo, usikubali kufukuzwa: kipimo hiki hakioni mishipa midogo kabisa.

Ukinyimwa maelezo au nakala, anza kwa mganga mfawidhi, kwa maandishi. Daktari akikiuka maadili, malalamiko yapeleke Baraza la Madaktari Tanganyika.