Kosa la Tabibu na Haki ya Mgonjwa

Mgonjwa wetu akifa kwa uzembe wa spitali, sisi husema, "Ni kadari," tukazika, tukanyamaza. Kuamini kadari ni wajibu. Lakini kadari haimwondolei dhamana aliyekosa. Mbona mtu akivunjiwa dau lake hudai alipwe?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba ajitiaye utabibu, naye hajulikani kwa elimu hiyo, ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Wanavyuoni wakapambanua: tabibu mjuzi, aliyepewa idhini na akafanya kazi yake kwa uangalifu, hana dhamana hata mgonjwa akifa, aliyezembea au akapita mpaka, yampasa kulipa. Basi tusimtuhumu kila daktari, wala tusimwachilie mzembe kwa kuona haya.

Sheria ya Kenya nayo imefungua milango. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, na ya kushitakia jinsi alivyotendewa. Baraza la Madaktari laweza kumwadhibu daktari, hata kumzuilia kazi. Ama fidia, huamuliwa na mahakama. Na muda ni mfupi tangu madhara yatokee: miezi 12 kwa kuishitaki Serikali, miaka 3 kwa spitali ya mtu binafsi.

Kwa hivyo, enyi jamaa wa mgonjwa, takeni maandishi ya matibabu mapema, yahifadhini, na mwoneni wakili kabla mwaka haujatimia. Subira ni ibada. Kupoteza haki ya mayatima si subira.

Mwenyezi Mungu atuongoze.