Usiichomeke hiyo kadi bado

*Mimi ni kijana wa miaka 24, nahariri video za harusi na kipaimara. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara, ya mtumba, yenye prosesa i7-4770. Ni nzito mno. Video ndefu naiacha usiku kucha ndiyo itoke. Nimechukua malipo ya awali ya harusi mbili nikanunua kadi ya grafiki, RTX 3060. Kufungua kompyuta nikakuta pawa saplai ni ya wati 290 na haina waya wa kuchomeka kwenye kadi. Fundi anasema ataunga waya kutoka kwenye waya za diski, itawaka tu. Rafiki yangu anasema nitaunguza kila kitu. Muuzaji amenipa wiki moja ya kurudisha. Nifanyeje? – H.M., Morogoro*

Mwanangu H.M., nimefurahi umeuliza kadi ikiwa bado kwenye boksi, maana wengi huniandikia moshi ukishatoka. Kutaka mashine nyepesi si tamaa. Mtu anayekula kwa kuhariri video lazima aitafute kasi. Hebu tuliangalie jambo lako taratibu, kisha nitakwambia ninachoona bila kuzunguka.

Hesabu inakataa

RTX 3060 hula hadi wati 170 ikiwa kazini. Prosesa yako imekadiriwa wati 84. Ubao mama, RAM, diski na feni tuzipe wati 50. Jumla ni 304. Pawa saplai yako mwisho wake ni 290. Hapo hata hatujaacha nafasi ya kupumua.

Nvidia wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo. Usidhani wanakuza mambo. Kadi hainywi umeme kwa kiasi kimoja: kuna nukta za sekunde inaruka juu ya kiwango chake kisha inashuka, na pawa saplai isiyo na akiba huzima hapo hapo. Tena yako si mpya. Modeli ya kompyuta yako ilitoka mwaka 2013, na kabla haijakufikia wewe imetumikia ofisi za watu. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Kwenye kompyuta, punda akifa mzigo nao haufiki.

Inama usome lebo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu wa kompyuta, usome lebo ya pawa saplai mwenyewe. Usisomewe na muuzaji.

Namba iliyoandikwa kwa herufi nene siyo inayokuhusu. Tafuta mstari wa +12V, kwa sababu kadi na prosesa hula hapo. Chukua ampea zake uzidishe kwa 12. Tuseme dukani umeonyeshwa pawa saplai iliyoandikwa 500W, lakini kwenye +12V pana 18A. Kumi na nane mara 12 ni wati 216. Hizo nyingine zimejazwa na mistari ya 3.3V na 5V, ambayo haitaisaidia kadi yako. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 huwa na ampea 40 hivi au zaidi kwenye +12V.

Ukikuta mistari miwili, 12V1 na 12V2, usiijumlishe kichwakichwa. Tafuta jumla yake iliyoandikwa palepale kwenye lebo. Mara nyingi ni ndogo kuliko utakayoipata kwa kujumlisha. Na alama ya 80 Plus isikuchanganye: hiyo inaeleza umeme kiasi gani unapotea kwa joto, haiongezi nguvu hata wati moja.

Jambo moja nakukataza kabisa. Usilifungue sanduku la pawa saplai lenyewe. Ndani yake umeme hubaki hata waya ukiwa umechomolewa, na unaua.

Waya wa fundi

Simshuku fundi wako. Naamini anataka uondoke ukitabasamu. Ila sikiliza namna umeme unavyogawanywa.

Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75. Kichwa cha pini 6 huongeza 75, na cha pini 8 huongeza 150. Kadi yako ikitaka 170, toa 75 za tundu, zinabaki wati 95 ambazo lazima zipite kwenye waya. Fundi anataka kuzipitisha kwenye waya wa SATA unaolisha diski. Kichwa cha SATA kimepangiwa ampea 4.5 kwenye 12V, yaani wati 54. Unakilazimisha kubeba karibu mara mbili ya uwezo wake.

Na haitaungua siku ya kwanza; hapo ndipo watu hudanganyika. Itawaka, mtapongezana, fundi atachukua chake. Kisha siku unatoa video ndefu, kadi imekaza kwa muda mrefu, plastiki ya kile kichwa inalainika, unasikia harufu, kompyuta inazima. Bahati ikiwa nzuri umepoteza pawa saplai. Bahati ikiwa mbaya umepoteza na diski zilizokuwa kwenye waya huo huo, zenye sherehe za watu ndani. Kadi hununuliwa tena. Harusi hairudiwi, na bwana harusi hatakuelewa ukimweleza habari za pini.

Njia mbili zilizo wazi

*Ya kwanza ni kubadilisha kadi.* Tafuta inayotosheka na umeme wa tundu. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, imekadiriwa wati 70 na kwa kawaida haihitaji waya. Hesabu yako inakuwa 70, 84 na 50, jumla 204. Nvidia wanapendekeza wati 300, nawe una 290. Uko pembeni kidogo, lakini kwa vitu ulivyonavyo nafasi ipo, mradi usirundike diski nyingine. Kuwa macho dukani: ipo RTX 3050 ya GB 8, jina lile lile, ambayo hula wati 130 na hudai waya. Itazame kadi kwenye ukingo. Ukiona tundu la pini, hiyo si yako. Omba pia ijaribiwe kwenye kompyuta yako kabla hujalipa, kwa kuwa ubao wako ni wa zamani.

*Ya pili ni kubaki na 3060 na kubadilisha pawa saplai.* Inawezekana, ila ina vikwazo vyake. Ubao wa 9020 hupokea kichwa cha pini 8, wakati pawa saplai za kawaida hutoa cha pini 24. Utahitaji waya wa kubadilishia uliotengenezwa kwa ajili ya Dell. Wa HP una mpangilio wake na unaweza kukuunguzia ubao. Waya huu wa Dell hauna hatari ya ule wa fundi, kwa sababu kadi italishwa na waya wake wenyewe wa pini 8 kutoka pawa saplai mpya. Pima na urefu wa kadi, isije ikagonga sehemu ya diski. Pawa saplai ikiwa na swichi nyekundu nyuma, hakikisha inasoma 230. Ukiiwasha ikiwa kwenye 115, umeiua. Na kama una UPS ya 650VA, usiihesabu kuwa ya wati 650. Wati zake ni pungufu, zisome nazo.

Neno langu

Njia ya pili inadai fedha nyingine, na katika barua yako sijaona zitakakotoka. Ulizonazo ni za wateja ambao bado hujawafanyia kazi. Ukiongeza deni juu ya deni kwa ajili ya kadi, siku kitu kikiharibika utakuwa huna mashine, huna fedha, na una harusi mbili shingoni.

Kwa hiyo rudisha RTX 3060 kabla wiki haijaisha. Chukua ndogo inayolingana na kompyuta yako, na fedha itakayobaki nunua diski ya nje unakili kazi zote za wateja. Maliza hizo harusi mbili, ulipwe kilichobaki, uanze kuweka akiba. Siku ukitaka kadi kubwa, anza kununua pawa saplai, kisha kadi. Fundi mshukuru, mwambie waya wake hauhitajiki.