SOMO LA AFYA: JE, UMEME UNATULIZA MAUMIVU YA MISULI?



Mama mmoja wa darasa letu la kisomo aliumwa mgongo tangu wakati wa palizi. Siku ya mnada alikuta mtu anauza kimashine chenye nyaya. Muuzaji alidai kinaponya kila ugonjwa. Mama hakununua. Alikuja kutuuliza: "Mwalimu, hivi umeme si unaua? Utaniponyaje?" Swali zuri. Leo tujifunze sote.

Jambo hili si geni. Karibu miaka 2,000 iliyopita daktari wa Roma, Scribonius Largus, aliandika kwamba mtu mwenye jongo asimame pwani juu ya samaki aina ya taa, mwenye umeme mwilini, mpaka mguu ufe ganzi.

Mwaka 1965 wataalamu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Habari za maumivu hupitia hapo kwenda kwenye ubongo. Habari za kuguswa zikiwa nyingi, lango hubanwa. Ndiyo maana ukijigonga goti, unalisugua na unapata nafuu.

Mashine nayo hufanya kama mkono unaosugua. Hutumia betri ndogo. Vipande vyenye gundi hubandikwa juu ya ngozi, na umeme mdogo sana hupita. Mtu husikia kama sisimizi wanamtembelea.

Lakini tuelewane. Mashine hii hupunguza maumivu kwa muda tu, tena si kwa kila mtu. Haiondoi chanzo chake.

Mambo ya kuzingatia:

1. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo kifuani asiitumie.
2. Mjamzito na mwenye kifafa wamwulize daktari kwanza.
3. Usibandike kichwani, shingoni kwa mbele, kifuani, kwenye kidonda, wala penye ganzi.
4. Usijaribu kamwe kujitibu kwa nyaya za umeme wa nyumbani. Umeme huo una volti 230. Unaua! Betri ya pikipiki au ya sola nayo si dawa.

Ukiumwa mgongo huku miguu inalegea, mkojo unakutoka bila kujua, au una homa, usingoje. Nenda hospitali mara moja.

Na yule mama je? Tulimwelekeza zahanati. Alipimwa, akafundishwa mazoezi ya mgongo, akashauriwa kutumia jembe la mpini mrefu ili asiiname mno. Sasa analima. Mashine haikuhitajika, na fedha yake ya mnada alinunulia mbegu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini kusugua mahali panapouma huleta nafuu?
2. Nani hapaswi kutumia mashine hii?
3. Kazi gani hapa kijijini zinatuumiza mgongo? Tuzibadili vipi?