Kungojea Jibu la Labo
Soma: Wafilipi 4:6-7

Ndugu mgonjwa, umetoa makohozi asubuhi, umerudi nyumbani Katindo, na usingizi umekimbia. Moyo unasema, "Ni kifua kikuu, nitakufa." Usishangae, hofu humjia hata mwamini. Paulo aliandika maneno haya akiwa kifungoni, naye hakujua bado hukumu yake.

Ukingojea, fanya hivi:

1. Muulize muuguzi jibu litatoka siku gani. Mashine hupima makohozi kwa saa 2 hivi, lakini wanaopimwa ni wengi. Jibu likikawia, si alama ya ubaya.
2. Fungua madirisha, na ukikohoa funika kinywa kwa kitambaa.
3. Usinunue dawa za kujaribu.
4. Mwambie hofu yako mtu mmoja mwaminifu, kisha mwombe pamoja.
5. Siku ikifika, nenda. Ukikimbia jibu, ugonjwa unabaki nawe.

Kifua kikuu cha kawaida huponywa kwa dawa za miezi 6, zikimezwa bila kukatiza, nazo hutolewa bure. Jibu halileti ugonjwa. Linafungua mlango wa dawa.

Swali: Leo utamwambia nani hofu yako?